YAWAPASAYO WAZAZI KUJUA JUU YA SHULE NDOGO YA KIJIJINI

Somo la juma hili lawahusu wazazi wote, lakini lawahusu zaidi wale wakaao mjini ilhali watoto wao wanasoma mashambani. Wazazi wa namna hiyo ni wengi, na mahali pamoja pa kuwakuta ni Jericho, mtaa ulio upande wa mashariki wa Nairobi, jirani na Jerusalem, Maringo na Buruburu. Nyumba za Jericho zilijengwa na Baraza la Jiji la Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ili watu wa kazi wapate kukaa pamoja na jamaa zao. Lakini vyumba ni vichache, chakula ni ghali, na mara nyingi baba na mama wote wawili hutoka alfajiri na kurudi usiku. Basi mtoto mmoja au wawili huachwa kwa nyanya yao, Machakos au Murang'a, Siaya au Kakamega, wakasoma katika shule ndogo iliyo karibu na boma.

Jambo hili si geni. Zamani mfanyakazi Mwafrika wa Nairobi alilipwa kana kwamba hana mke wala mtoto, na Kamati ya Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika katika Kenya, ilikiri jambo hilo mwaka 1954. Mshahara ulikuwa wa mtu mmoja, na kitanda kilikuwa cha mtu mmoja. Mke na watoto walibaki shambani. Sheria na mishahara imebadilika tangu siku hizo, lakini desturi ya nyumba moja yenye mioto miwili, mmoja mjini na mmoja kijijini, ingali hai.

Mzazi aliye Jericho hununua sare, hutuma pesa kwa simu, akadhani kwamba kazi yake imekwisha. Haijaisha. Shule ndogo si shule kubwa iliyopunguzwa ukubwa. Ina hesabu yake na desturi zake, na jambo la kwanza la kufahamu juu yake ni hili: katika shule ndogo kila pengo ni kubwa. Mwalimu mmoja asipofika, theluthi ya shule imekosa masomo. Mzazi mmoja asipohudhuria mkutano, kiti chake huonekana kitupu. Kwa hiyo jicho la mzazi lina thamani zaidi huko kuliko katika shule yenye watoto elfu.

SHULE HIZI ZILIANZAJE

Shule nyingi ndogo za mashambani zilianzishwa na misheni. Zilikuwa na chumba kimoja cha miti na udongo, paa la nyasi, na mwalimu mmoja aliyefundisha kusoma, kuandika, hesabu na dini. Wazazi ndio waliokata miti na kukanda udongo. Nyingine zilijengwa na Waafrika wenyewe, kama zile shule huru za Wakikuyu zilizoenea katika miaka ya 1930, ambazo Chuo cha Waalimu cha Githunguri, kilichofunguliwa mwaka 1939, kiliwafunza waalimu wake. Serikali ya kikoloni ilikifunga chuo hicho mwaka 1952 wakati wa Hali ya Hatari.

Mwaka 1949 Kamati ya Beecher ilipanga masomo ya Waafrika kwa vipindi vitatu vya miaka 4, na mtihani wa kuchuja mwishoni mwa kipindi cha kwanza. Watoto wengi walitolewa shuleni baada ya Darasa la 4 tu, na wazee wengi walichukia mpango huo mpaka leo. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, watu walijenga kwa moyo wa Harambee, na shule ndogo zikachipuka mahali ambapo mtoto alikuwa akivuka mito miwili ili kufika darasani.

Historia hii ina maana kwa mzazi wa leo. Kanisa au jumuiya iliyoianzisha shule ingali ikiitwa mdhamini, na sheria humpa mdhamini viti katika bodi ya shule. Tena kiwanja chenyewe mara nyingi kilitolewa na ukoo fulani. Mzazi anayejua asili ya shule hujua pia ni wazee gani wa kuonana nao panapotokea neno gumu.

HESABU YA VICHWA

Serikali hutoa fedha za shule za msingi kwa kuhesabu vichwa vya watoto. Mpango huu ulianza Januari mwaka 2003, ada zilipofutwa katika shule zote za msingi za Serikali, na kila mtoto akahesabiwa shilingi 1,020 kwa mwaka. Baadaye kiasi kilipandishwa kikawa shilingi 1,420. Fedha hizo hazifiki zote mkononi mwa shule, kwa kuwa tangu mwaka 2018 Serikali imekuwa ikinunua vitabu vya kiada yenyewe na kuvipeleka shuleni.

Na ifikiriwe shule yenye watoto 900, kama zilivyo shule nyingi za mjini. Hesabu yake kwa mwaka ni shilingi 1,278,000. Kisha ifikiriwe shule ya kijijini yenye watoto 90. Hesabu yake ni shilingi 127,800. Shule zote mbili zina lango, mlinzi, ubao, chaki, tangi la maji na paa lenye kuvuja. Iwapo mlinzi wa shule ndogo analipwa shilingi 6,000 kwa mwezi, kwa mwaka mzima atakuwa amechukua shilingi 72,000, yaani zaidi ya nusu ya hesabu yote, kabla hata kipande kimoja cha chaki hakijanunuliwa.

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Huona shule ndogo haina rangi ukutani, wakasema Mwalimu Mkuu amekula fedha. Yawezekana amekula, na mzazi ana haki ya kuuliza. Lakini yawezekana vilevile kwamba fedha hazikuwapo. Anayeijua hesabu ya vichwa huuliza swali lenye shabaha: watoto wangapi wameandikwa mwaka huu, fedha kiasi gani zilifika muhula huu, na zilitumikaje? Swali la namna hiyo hujibiwa kwa daftari. Lawama ya jumla hujibiwa kwa hasira tu.

Kuna hatari nyingine itokayo katika hesabu hiyohiyo. Wazazi wenye uwezo wanapoona shule imedhoofika, huwahamisha watoto wao kwenda akademi ya kulipia. Watoto 90 huwa 70. Fedha hupungua, na mwalimu akistaafu ni vigumu kumpata wa kujaza nafasi yake, kwa maana shule kubwa nazo zinamlilia. Udhaifu huzidi, na wazazi wengine huondoka. Wanaobaki ni watoto wa maskini kabisa. Hakuna mtu mmoja aliyeiua shule hiyo, bali imekufa kwa uamuzi wa wengi, kila mmoja akijitazama peke yake.

WAALIMU WATATU, WAAJIRI WATATU

Katika kiwanja kimoja cha shule ndogo mzazi aweza kuwakuta waalimu watatu wasioajiriwa na mkono mmoja. Mwalimu wa watoto wachanga, yaani elimu ya awali, ni wa Serikali ya Kaunti, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 iliziachia kaunti kazi hiyo. Mwalimu wa Gredi ya 1 mpaka ya 6 huajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Waalimu, ijulikanayo kwa herufi TSC, ambayo ilianza kazi mwaka 1967. Wa tatu huajiriwa na bodi ya shule yenyewe ili kuziba pengo, naye mara nyingi hulipwa kidogo, kwa michango ya wazazi.

Mzazi asiyejua tofauti hii hupeleka malalamiko yake mahali pasipohusika. Akilalamika kwa Kaunti kwamba mwalimu wa Gredi ya 4 hafiki kazini, ataambiwa hakuna wa kumsaidia, naye atadhani amedharauliwa. Njia iliyo sawa ni kuanza kwa Mwalimu Mkuu, kisha bodi ya shule, kisha ofisi ya mwajiri wa mwalimu yule. Kwa mwalimu wa TSC, ofisi hiyo iko katika kila kaunti, na katika sehemu zake ndogo pia.

Yule mwalimu wa tatu astahili kukumbukwa kwa namna ya pekee. Mchango wa wazazi usipopatikana kwa miezi miwili, atakwenda kutafuta kibarua, na hakuna wa kumlaumu. Mzazi wa Jericho atumaye shilingi 200 mapema kila muhula huenda ndiye anayeshikilia darasa zima lisimame.

MWALIMU MMOJA, MADARASA MAWILI

Shule yenye gredi 6 na waalimu 3 haina njia nyingine ila kuyaunganisha madarasa. Gredi ya 1 na ya 2 hukaa chumba kimoja, ya 3 na ya 4 chumba cha pili, ya 5 na ya 6 chumba cha tatu. Mzazi aliyesoma mjini hushtuka aonapo jambo hilo, akasema mtoto wake anachanganywa. Lakini kuyaunganisha madarasa si lazima kuwe hasara. Katika Kolombia, tangu mwaka 1975, shule ndogo za mashambani zimefundishwa kwa mpango uitwao Escuela Nueva, ambao mtoto hufuata kijitabu cha kazi kwa mwendo wake mwenyewe, na watoto wakubwa huwasaidia wadogo. Mpango huo ulisifiwa na ukaigwa katika nchi nyingi. Karibu zaidi na nyumbani, Tanzania ina shule shikizi, ambazo ni shule ndogo zilizo chini ya shule mama, watoto wadogo wasomeapo karibu na kwao mpaka miguu yao iweze safari ndefu.

Faida za shule ndogo zaonekana wazi. Mwalimu humjua kila mtoto kwa jina, humjua nyanya yake, na hujua ni nani aliyelala bila kula. Mtoto wa Gredi ya 3 husikia somo la Gredi ya 4 kabla hajalifikia, na wa Gredi ya 4 hukumbushwa aliyoyasahau. Mtoto mwenye haya, ambaye katika darasa la watoto 80 angejificha nyuma kwa mwaka mzima, hapa hana pa kujificha.

Lakini faida hizo zina sharti. Katika shule za msingi kipindi cha watoto wa gredi za chini ni dakika 30. Mwalimu mwenye gredi mbili huzigawa dakika hizo: akisema na hawa, wale wafanye kazi peke yao. Basi ubora wa darasa la namna hii hupimwa kwa kuwatazama wale ambao mwalimu amewapa kisogo. Wakiwa na kazi iliyopangwa, wanasoma. Wakiwa wameachiwa ubao mtupu, nusu ya siku yao ya shule imepotea, na hakuna rejesta itakayoonyesha hasara hiyo, kwa sababu wote waliitika majina yao asubuhi.

Mzazi aliye mbali aweza kulitambua jambo hili bila kuingia darasani. Na afungue daftari la mtoto siku arudipo nyumbani kwa likizo. Je, tarehe zinafuatana, au kuna juma zima lisiloandikwa kitu? Je, kazi imesahihishwa? Je, kuna kazi ambazo mtoto alizifanya peke yake, au ni kunakili ubaoni tu? Daftari ni shahidi asiyejua kusema uongo.

KIPIMO CHA KUSOMA

Mwaka 2009 watu wa Uwezo walianza kuwapima watoto wa Kenya nyumbani kwao, si shuleni. Waliwaonyesha herufi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi ya kiwango cha Darasa la 2. Waliwakuta watoto wengi wa Darasa la 3 ambao hawakuweza kuisoma hadithi hiyo. Watoto hao walikuwa wameandikwa shuleni, walivaa sare, na kila mwaka walipandishwa darasa. Wazazi wao walidhani wanasoma.

Kipimo hicho hakihitaji mtaalamu. Kila mzazi aweza kukifanya kwa dakika chache, kwa kitabu chochote cha watoto. Hata nyanya asiyejua kusoma aweza kumwambia mtoto asome barua, au ujumbe uliotumwa kwa simu, na sikio lake litatambua mara moja kama mtoto anasoma au anababaika. Mtoto afikiaye mwisho wa Gredi ya 3 bila kusoma kwa ufasaha hutatizika katika kila somo linalofuata, kwa sababu tangu hapo kila somo hufunzwa kwa njia ya kusoma. Udongo upate ungali maji: mwanya ukionekana katika Gredi ya 2, mwalimu akaambiwa mapema, wazibika kwa muhula mmoja au miwili. Ukigunduliwa katika Gredi ya 6, mtoto amekwisha kujiona mjinga, na kumwondolea fikira hiyo ni kazi kubwa kuliko kumfunza kusoma.

LUGHA NA SAFARI YA KUHAMA

Wazazi wengi wa Jericho humleta mtoto mjini ghafula, au humrudisha shambani ghafula, kwa sababu ya kodi, ugonjwa au kupoteza kazi. Mara nyingine hapana budi. Lakini kuna jambo la kupima kwanza. Tangu ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976, mwongozo wa elimu ya Kenya umekuwa kwamba miaka 3 ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha ya mahali pale shule ilipo. Kijijini lugha hiyo ni lugha ya mama. Mjini, ambako makabila yamechanganyika, ni Kiswahili, na mara nyingi waalimu hukimbilia Kiingereza.

Basi mtoto wa Gredi ya 2 aliyetolewa Siaya mwezi wa Juni akaletwa Jericho amebadilishiwa shule na lugha kwa siku moja. Yale aliyokuwa akiyafahamu jana kwa Kijaluo, leo yanasemwa kwa lugha nyingine, na watoto wa mtaa humcheka matamshi. Mwalimu mwenye watoto wengi aweza kudhani ni mzito wa akili, kumbe ni mgeni tu. Mzazi akiweza, na amhamishe mwanzoni mwa mwaka, wala asimhamishe katikati ya muhula. Naye mtoto azoezwe Kiswahili kabla ya safari, kwa mazungumzo na nyimbo. Tena mwalimu mpya aambiwe wazi mtoto ametoka wapi na alikuwa akisoma kwa lugha gani.

Kadhalika karatasi za kuhama zisisahauliwe. Watoto huandikwa katika mfumo wa taarifa wa Wizara ya Elimu, na fedha za Serikali hufuata jina lilipoandikwa. Mtoto asiyehamishwa katika maandishi huhesabiwa mahali ambapo hayupo, na shule inayomfundisha haipati kitu kwa ajili yake. Cheti cha kuzaliwa huhitajiwa katika kazi hiyo, na kumbukumbu za tathmini zake, hasa za Gredi ya 4 mpaka ya 6, hazina budi kwenda pamoja naye.

Jambo jingine ni Gredi ya 7. Tangu Januari 2023 masomo ya sekondari ya chini, Gredi ya 7 mpaka ya 9, huwekwa katika viwanja vya shule za msingi. Lakini si kila shule ndogo ina vyumba na waalimu wa kuyabeba, na watoto wa baadhi yao hupelekwa shule jirani. Mzazi aulize mtoto akiwa bado katika Gredi ya 5: akimaliza hapa atakwenda wapi, na njia ni ya saa ngapi kwa miguu? Jibu la swali hilo ni zito zaidi kwa msichana apitaye njiani kabla ya mapambazuko.

SHERIA INASEMAJE

Katiba ya mwaka 2010 humpa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo na kwa lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 huyafafanua mambo hayo, na mzazi na ayashike machache yafuatayo.

Kwanza, kumpeleka mtoto shuleni ni wajibu wa mzazi, na kumzuia bila sababu ni kosa. Mlezi naye huhesabiwa kuwa mzazi. Kwa hiyo nyanya anayemlea mjukuu si mgeni shuleni. Ana haki ya kuuliza, kuhudhuria na kusikilizwa.

Pili, shule ya Serikali haiwezi kudai ada ya masomo. Michango mingine yahitaji kibali, na mtoto asifukuzwe kwa sababu haikulipwa. Kila shilingi itolewayo na ipewe risiti. Wakongwe hukumbuka ya mwaka 1974, ada zilipofutwa kwa madarasa 4 ya chini, kisha michango ya majengo ikaingia kwa mlango wa nyuma, na watoto wengi walioingia kwa furaha wakatoka kimya kimya. Risiti ndiyo kitasa cha mlango huo.

Tatu, fimbo imekatazwa shuleni tangu mwaka 2001, na sheria ya 2013 ilikaza katazo hilo. Mwalimu asiombwe na mzazi kumchapa mtoto, kwa kuwa hakuna mzazi awezaye kumpa mwalimu ruhusa ambayo sheria imeiondoa.

Nne, wazazi wana sehemu katika utawala wa shule. Katika Bodi ya Usimamizi viti 6 ni vya wajumbe waliochaguliwa kuwawakilisha wazazi na watu wa mahali pale. Mdhamini ana viti 3, na waalimu wana mjumbe wao. Mbali na bodi kuna Chama cha Wazazi, ambacho kila mzazi ni mwanachama wake, na kila darasa huchagua mjumbe. Katika shule kubwa kupata kiti ni mashindano. Katika shule ndogo mara nyingi viti humtafuta mtu wa kuvikalia, na asipopatikana mwenye bidii hukaliwa na asiyejali.

AFANYE NINI MZAZI ALIYE MBALI

Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni kweli, lakini mzazi wa Jericho aweza kuisogeza fimbo yake karibu.

Na ajue jina la mwalimu wa mtoto wake na nambari yake ya simu, ampigie walau mara moja kila muhula, si wakati wa matatizo tu. Mwalimu anayepigiwa simu na mzazi aliye safari ya usiku kucha hujua kwamba mtoto yule ana mwenyewe. Maneno yawe machache na ya heshima: mtoto anasomaje, anafika kila siku, anakosa nini?

Na aulize juu ya chakula cha mchana. Katika Nairobi, tangu mwaka 2023, watoto wa shule za umma wameweza kupata chakula kwa shilingi 5 katika mpango wa Kaunti uitwao Dishi na Kaunti. Kijijini mara nyingi hakuna mpango wa namna hiyo, na mtoto aliyekunywa chai kavu alfajiri hasikii somo la saa nane. Debe moja la mahindi na maharage kutoka kwa kila nyumba, likipikwa kwa zamu, limezisaidia shule nyingi. Haba na haba hujaza kibaba.

Na arudipo nyumbani kwa Pasaka, Agosti au Desemba, mzigo wake usiwe sukari na mkate peke yake. Kitabu kimoja cha hadithi kwa mtoto hudumu kuliko mkate. Tena asiiache siku ya mkutano wa wazazi ipite ilhali yuko safarini siku mbili tu kabla au baada yake. Watu hupanga safari kwa ajili ya matanga na arusi. Safari moja katika mwaka na ipangwe kwa ajili ya shule.

Na wazazi watokao kijiji kimoja na kuishi mjini washauriane. Watu 10 wa kijiji kimoja walioko Jericho, Makadara na Umoja, wakichanga kidogo kila mwezi na kumchagua mmoja wao awe mjumbe, waweza kumlipa mwalimu wa tatu au kulitengeneza tangi la maji. Vyama vya namna hiyo ni vya siku nyingi mjini. Vingi huzika wafu kwa heshima kubwa. Si vibaya vikisomesha walio hai.

Mwisho, mzazi asipime shule kwa ukubwa wala kwa rangi ya kuta. Shule ndogo yenye waalimu wafikao kazini, watoto wasomao na wazazi waulizao ni shule njema. Shule ileile, wazazi wakiisahau, huanguka upesi kuliko shule kubwa, kwa kuwa nguzo zake ni chache.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA BARAZANI

1. Shule ya mtoto wako ina watoto wangapi na waalimu wangapi? Ni nani anayemwajiri kila mmoja wao?

2. Madarasa yakiwa yameunganishwa, watoto hufanya kazi gani wakati mwalimu anaposema na wenzao?

3. Je, mtoto wako aweza kusoma hadithi fupi bila kubabaika? Ulimsikiliza lini mara ya mwisho?

4. Mchango wa mwisho uliotoa ulikuwa wa nini, na risiti yake iko wapi?

5. Ni nani anayewawakilisha wazazi wa darasa la mtoto wako? Kama hayupo, ni nani afaaye?

6. Mtoto akimaliza Gredi ya 6, ataendelea katika shule gani?